Mechi ya Mazembe ichezwe Lubumbashi, hata kama dola ziko nyingi

Siku ya Mungu, tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka 2023, TP Mazembe ilicheza mechi yake ya kwanza ya nyumbani katika African Football League, ile ligi mupya ya timu kubwa za Afrika. Ilishinda Espérance ya Tunis bao 1 kwa 0. Lakini nyumbani siku hiyo hapakuwa Kamalondo. Palikuwa Dar es Salaam, katika kiwanja cha Benjamin Mkapa, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Lubumbashi. Siku chache kiisha, Mazembe ilipigwa 3 kwa 0 kule Tunis, na ligi mupya ikawa imemalizika kwake. Muji wa Lubumbashi haukuona hata mechi moja.

Kwa mutu wa Kasungami, jambo hilo si dogo. Mutaa huu wa komini Annexe uko mbali na katikati ya muji. Mwenye kuishi kule akitaka kuona Mazembe kwa macho yake, anajipanga mapema. Anatafuta franka za teksi-basi na za tiketi. Zikikosekana, anatembea kwa miguu, ao anakwenda kukaa kwenye nganda yenye televizyo na kuomba umeme usikatike mbele ya dakika ya 90. Safari ya Kamalondo ni ya jasho, lakini inawezekana. Safari ya Dar es Salaam haiwezekani.

Wakubwa wa mupira wanaweza kuwa na sababu zao za kupeleka mechi ile Tanzania. Hata hivyo, swali linabaki: ligi inayoanza kwa kutoa timu kwenye muji wake inajengwa kwa faida ya nani? Jibu la wazi ni kwamba ligi ya namna hiyo haifai kurudi kabla ya kubadilishwa. Mazembe inahitaji pesa, hilo hakuna anayebisha. Lakini pesa isiyopitia kwenye uwanja wa nyumbani, wala kwenye ubingwa wa inchi, inaweza kutajirisha timu na kuikausha mizizi wakati mumoja.

Inafaa kukumbuka kwamba mawazo ya ligi hii yalitangazwa hapahapa. Mwezi wa 11, 2019, Mazembe ilipofanya sikukuu ya miaka 80, raisi wa FIFA Gianni Infantino alikuja Lubumbashi. Mbele ya wageni, alisema Afrika ichague timu zake 20 bora na kuzifanyia ligi moja. Alisema ligi hiyo inaweza kuingiza angalau milioni 200 za dola na kuingia kati ya ligi 10 kubwa za dunia. Watu walipiga makofi. Muji ulijua jina la Mazembe halitakosa kwenye orodha hiyo.

Kiisha, mwezi wa 8, 2022, raisi wa CAF Patrice Motsepe alizindua mupango huo Arusha, Tanzania. Ahadi zilikuwa kubwa: timu 24, zawadi za milioni 100 za dola, bingwa kuchukua milioni 11.5, na kila shirikisho la mupira la Afrika kupata milioni 1 kila mwaka. Kwa inchi kama Congo, ambako ligi inaishi kwa kukopa na kuomba, milioni 1 ya kila mwaka ni kitu cha kushika mukono.

Kilichofika mwaka 2023 kilikuwa kidogo sana. Timu zilikuwa 8 tu: Mazembe, Simba, Al Ahly, Wydad, Espérance, Enyimba, Petro de Luanda na Mamelodi Sundowns. Bingwa alipewa milioni 4, si milioni 11.5. Sundowns, timu ambayo Motsepe mwenyewe aliijenga kabla ya kuongoza CAF, ndiyo ilichukua kombe kwa kupiga Wydad kwenye fainali. Mwaka 2024 ukapita bila toleo la pili.

Wanaotetea ligi hii wana neno lao, na neno lao si la upuuzi. Timu ya Afrika inasafiri mbali, inalipa ndege, hoteli na mishahara, na pesa za televizyo ni chache. Tangu 1997, Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi, na kila mutu wa Lubumbashi anajua kwamba bila mufuko wa mutu mumoja, timu isingefika ilikofika. Timu haiwezi kuishi milele kwa mufuko wa mutu mumoja. Wachezaji bora wanakwenda Ulaya, Tanzania na inchi za Waarabu kwa sababu mushahara wa hapa hauwashikilii. Kwa hiyo anayesema Afrika itafute pesa zaidi kwa timu zake, anasema kweli.

Tatizo ni njia ambayo pesa hiyo inapitia. Kwa mechi 2 tu za ligi mupya, timu iliyotoka kwenye robo fainali kama Mazembe ilihesabiwa dola milioni 1. Musimu huohuo, Mazembe ilicheza Ligi ya Mabingwa ya CAF, ile ambayo kila timu inaingia kwa kushinda kwao. Kuanzia makundi mupaka nusu fainali ilicheza mechi 10, na zawadi ya timu inayotoka kwenye nusu fainali ilikuwa milioni 1 na laki 2. Mechi 10 za kupigania, na mechi 2 za kualikwa, zililipwa karibu sawa. Mutoto wa shule anaelewa somo lililo ndani ya hesabu hiyo: kualikwa kuna faida kuliko kushinda. Mupira ukifundisha somo hilo, kesho hakuna atakayekubali kuumia juu ya ubingwa wa inchi.

Na ni wapi Mazembe ilifurahisha watu wake musimu ule? Ni katika mashindano ya zamani, kwenye kiwanja chake. Tarehe 2 mwezi wa 12, 2023, wiki tatu hivi kiisha kuchukua kombe la ligi mupya, Sundowns ilikuja Lubumbashi ikapigwa 1 kwa 0. Timu ya Lamine N'Diaye ikatoka kwenye makundi, ikapita Petro de Luanda, na tarehe 20 mwezi wa 4, 2024, ikazuia Al Ahly 0 kwa 0 hapahapa. Ilianguka Cairo 3 kwa 0, lakini ilianguka baada ya muji mzima kusafiri pamoja nayo. Ikarudi kuchukua ubingwa wa Congo. Hayo ndiyo mambo ambayo watu wa Kasungami, wa Kenya na wa Katuba wanasimulia hata leo. Ushindi wa Dar es Salaam hausimuliwi sana, kwa sababu hakuna jirani aliyekuwako.

Kuna jambo lingine ambalo linauma zaidi. Wakati timu kubwa za Afrika zikiandaliwa ligi ya dola, ligi ya Congo yenyewe ilikuwa ikizama. Musimu wa Linafoot wa 2022-2023 ulikatishwa njiani, hakukutoka bingwa. Timu ndogo zilikosa namna ya kusafiri katika inchi hii kubwa, ambako muji na muji vinaunganishwa na ndege. Hapo ndipo nyumba inawaka moto. Kuweka paa ya dhahabu juu ya nyumba isiyo na ukuta hakuzuii mvua.

Ugomvi wa namna hii haukuanzia Afrika. Australia waliupitia, katika ragbi ya wachezaji 13. Mwaka 1995, kampuni ya habari ya Rupert Murdoch, News Limited, ilitaka pesa za televizyo za mchezo huo. Ikaanzisha ligi ya upinzani iliyoitwa Super League, ikanunua wachezaji na timu kwa mishahara ambayo haikuwahi kuonekana. Ligi ya zamani nayo ikajibu kwa pesa. Mambo yakapelekwa mahakamani. Mwaka 1997 inchi moja ikawa na ligi mbili na mabingwa wawili: Newcastle Knights upande mumoja, Brisbane Broncos upande mungine. Wapenzi wa mchezo wakachoka. Mwaka 1998 pande zote mbili zikawa ligi moja, lakini timu zilikuwa nyingi, na makubaliano yakasema zipunguzwe.

South Sydney, timu ya watu wa kazi iliyoundwa mwaka 1908 na yenye mataji kuliko nyingine zote, ilifukuzwa mwisho wa 1999. Kosa lake halikuwa uwanjani. Ilikosa kutimiza hesabu za wenye pesa. Wapenzi wake hawakulala. Watu karibu 80,000 walitembea katika barabara za Sydney kudai timu yao, na mwaka 2001 mahakama ikaipa haki. Mwaka 2002 South Sydney ikarudi kucheza. Ilirudi kwa sababu watu wa mitaa yake walikuwa wangali wanaiita yao. Timu ambayo imezoea kuchezea mbali, nani atatembea barabarani juu yake siku ya taabu?

Ulaya pia walionja. Mwezi wa 4, 2021, timu 12 kubwa zilitangaza ligi yao ya kujifungia. Wapenzi wa timu za Uingereza walisimama mbele ya viwanja wakikataa, na katika siku mbili mupango ukaanguka. Hakuna aliyewalipa wale watu. Walikataa tu kufungiwa mulango.

Kwa Lubumbashi, mulango uliofungwa una jina: Saint-Éloi Lupopo. Timu hiyo nayo ilianzishwa mwaka 1939 kama Mazembe, na ni ya muji uleule. Katika orodha ya timu 8 za mwaka 2023 haikuwamo, na kwa ligi ya kualikana isingeingia. Lakini mwaka 2025 mambo yaligeuka. Mazembe ilikosa nafasi katika mashindano ya CAF, na Lupopo ikaingia Ligi ya Mabingwa kwa njia ya ubingwa wa inchi. Mwezi wa 10 ilipiga Orlando Pirates 3 kwa 0 Lubumbashi, ikapigwa 3 kwa 0 Afrika ya Kusini, kiisha ikashinda kwa penalti na kufika kwenye makundi. Hata mupenzi wa Mazembe mwenye moyo muzuri anakubali kwamba siku ile Lubumbashi ilipata heshima. Heshima hiyo iliwezekana kwa sababu moja: mulango ulikuwa wazi kwa yeyote anayeshinda. Na Mazembe yenyewe ina sababu ya kutaka mulango ubaki wazi. Ikiwa nje, itarudi kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo, kama CAF inataka kurudisha ligi yake ya dola, masharti matatu yanatosha. La kwanza, kila timu icheze mechi za nyumbani nyumbani. Kama kiwanja kina upungufu, sehemu ya pesa ya mashindano itengeneze kiwanja hicho mbele ya kulipa zawadi. La pili, kuingia kuwe kwa kushinda kwenye ubingwa wa inchi, si kwa jina kubwa la zamani. Mataji matano ya Afrika ya Mazembe, ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, yalipatikana hivyo. La tatu, ile milioni 1 iliyoahidiwa Arusha kwa kila shirikisho ilipwe kweli, na katika Congo ionekane kwenye safari za timu za Linafoot na kwenye mishahara ya waamuzi, si kwenye semina za hoteli.

Fecofa nayo isisubiri kupewa. Ligi inayofika mwisho wake kila mwaka, yenye kalenda inayojulikana na bingwa asiyebishaniwa, ndiyo silaha ya kwanza ya timu za Congo zinapokaa mezani na wakubwa wa Cairo ao wa Zurich. Na viongozi wa Mazembe wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Ligi ya timu kubwa za Afrika bila Mazembe haina ladha. Mwenye nguvu hiyo anaweza kusema: tutacheza, lakini kwetu.

Kasungami haiko kwenye ramani ya wale wanaopanga mashindano haya. Lakini jioni, kwenye vumbi jekundu la mutaa huo, watoto wakigawana timu mbili, huyu anajiita Mazembe, yule anajiita Lupopo. Majina hayo hawakuyapata kwenye mukataba wa televizyo. Waliyapata kwa baba na kwa wajomba waliotoka Kamalondo wakiwa wamekauka sauti kwa kuimba. Siku ambayo hakuna tena mukubwa wa kusimulia alichokiona kiwanjani, watoto hao watajiita majina ya timu za Ulaya peke yake, na hakuna zawadi ya milioni itakayowarudisha.