Hesabu Pumzi za Mtoto

Ndugu wasomaji, hasa akina baba na akina mama wa Shinyanga na Geita, mtoto akikohoa msiseme upesi, "Ni mafua tu." Kichomi nacho huanza vivyo hivyo, na huua kwa siku chache.

Huko Bagamoyo, Daktari Mtango na mwenzake Neuvians walifanya kazi ambayo habari zake zilitolewa mwaka 1986. Wahudumu wa afya wa vijijini walizunguka nyumba kwa nyumba, wakawatambua watoto wenye kichomi na kuwapa dawa mapema. Vifo vya watoto vikapungua. Basi kichomi chaweza kutambuliwa hata kijijini, pasipo mashine.

Fanyeni hivi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunueni kifua, shikeni saa, mhesabu pumzi zake dakika moja nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40.

Zikifika hapo, mpelekeni zahanati siku ile ile. Msingoje pamba iuzwe, wala baba arudi kutoka machimboni. Na kama kifua chabonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, nendeni hata usiku, hata hesabu ikiwa ndogo.

Saa ya baba si pambo tu. Itumieni.