Wanaosema curl inajiendesha yenyewe

Waandishi wengi wa programu, wakiwemo wa Dar es Salaam na Nairobi wanaounganisha mifumo ya malipo kwa simu, huandika amri ya curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, bila kuwaza inatoka wapi. Inatoka kwa Msweden Daniel Stenberg na wenzake, tangu Machi 1998, na imo ndani ya simu, magari na runinga. Maneno yanayosemwa juu ya programu huria kama hii, mengi hayana miguu.

La kwanza: eti kwa kuwa Stenberg ameitoa kwa umma, anatuwajibikia sote. Leseni inasema vingine: chukua, tumia, uza ukitaka, dhamana hakuna. Januari 2022, watu wakiwa bado wanahangaika na pengo la usalama la Log4j, maktaba ya kuweka kumbukumbu za programu, kampuni moja kubwa ilimwandikia Stenberg ikimtaka ajibu maswali yake ndani ya saa 24. Haikuwa imemlipa hata senti. Tena Log4j ni ya Java, na curl imeandikwa kwa C! Alijibu kwamba atawajibu kwa furaha wakishasaini mkataba wa msaada. Mkono mtupu haulambwi.

La pili: macho yakiwa mengi, kasoro haijifichi. Hujificha. Kasoro ya curl katika SOCKS5, itifaki ya kupitia seva ya kati, iliyozibwa katika toleo 8.4.0, Oktoba 2023, ilikuwa imekaa humo tangu 2020, hadharani, na Stenberg alikiri kwamba aliyeiandika ni yeye. Msimbo ukiwa wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Nani anausoma ni swali jingine.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kutoa toleo jipya ni kupakia faili tu. curl hutoka kwa kawaida kila wiki nane. Ndani ya muda huo kuna siku za kupokea mambo mapya, kisha mlango hufungwa na kinachoingia ni marekebisho peke yake. Halafu huandikwa orodha ya mabadiliko, waliochangia hutajwa kwa majina, na mafurushi hutiwa sahihi ya kidijitali. Juu ya yote hayo kuna ahadi ya kutowavunjia watu kazi zao: programu iliyounganishwa na libcurl, maktaba ya curl, mwishoni mwa 2006 inatarajiwa kufanya kazi na libcurl ya leo. Ahadi hiyo inalindwa na mtu anayekataa mabadiliko mazuri kwa sababu yatamuumiza mtumiaji asiyemjua.

Anayedhani furushi ni jambo dogo aikumbuke xz, programu ya kubana faili iliyopenyezwa mlango wa siri wa kuwaingiza wavamizi. Kipande kilichouwasha mlango huo katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo. Kiliwekwa ndani ya furushi lenyewe. Andres Freund aliugundua Machi 2024 kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Baada ya hapo curl iliweka utaratibu unaomwezesha yeyote kulitengeneza furushi upya na kulilinganisha na lililotolewa.

Na wale wasemao “kama mtunzaji amechoka, si akabidhi mwingine?” wanajibiwa na xz hiyo hiyo. Mtunzaji wa xz alikuwa akiibeba bila malipo. Akaandamwa na watu wasiojulikana, wakimlaumu kwa kuchelewa na kumshinikiza agawane madaraka. Aliyepewa madaraka, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kwa uvumilivu tangu 2021, na ndiye aliyetoa matoleo yenye mlango wa siri. Kukabidhi kunahitaji muda wa kumfahamu mpokeaji, na muda ndio ambao mtunzaji aliyechoka hana.

Kampuni yako ikiitegemea curl, msaada wa kulipia upo: unauzwa na wolfSSL, ambayo Stenberg alijiunga nayo 2019.