Mjamzito Mnene Aandaliwe Damu Mapema

Kwetu pwani mjamzito akinenepa husifiwa. "Amenawiri," husema mawifi, na mume hutembea kifua mbele kwa kuwa matunzo yake yanaonekana. Sifa hizo sizikatai, ila zisitufumbe macho.

Mtoto na kondo la nyuma wakishatoka, kizazi hutakiwa kijikaze kama ngumi ili kiibane mishipa iliyobaki wazi. Kisipojikaza, damu humwagika. Ikifika nusu lita ndani ya saa 24, imezidi kiasi. Ikifika lita nzima, uhai wa mama uko hatarini. Nao wanawake wenye unene uliopitiliza hupatwa na balaa hili zaidi ya wenzao. Uchungu wao mara nyingi huchukua muda mrefu, mtoto huweza kuwa mkubwa, kisukari cha mimba huwaandama, na wengi wao huishia kupasuliwa. Tena damu ikianza kutoka, mkunga hulipapasa tumbo akitafuta kizazi akisugue, mafuta yakamzuia. Mwenzake anatafuta mshipa wa dripu mkononi, hauonekani. Na damu haingoji.

Wengi wao hujifungua salama, nashukuru. Lakini utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Basi ni dada zetu hawa.

Akina mama, nawasihi msiikwepe mizani ya kliniki. Wala unene si wingi wa damu: mtu hushiba chipsi na soda, mwili ukajaa, damu ikapungua. Mezeni vidonge vya madini ya chuma. Msijinyime chakula mkiwa na mimba. Punguzeni sukari na mafuta, mle dagaa, maharage na mchicha. Nanyi wauguzi, kwa hisani yenu, msimcheke mama mbele ya foleni, kwani aliyechekwa harudi. Mwekeeni njia ya dripu mapema, na sindano ya oksitosini itunzwe kwenye jokofu, maana joto huiharibu.

Waume, mkunga akisema mkeo akajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, usimbishie eti zahanati iko karibu. Weka nauli kando sasa, wala usingoje mwezi wa tisa. Waombe ndugu wawe tayari kuchangia damu. Kisha ifungue kadi yake ya kliniki leo hii, utazame kama kundi la damu limeandikwa. Kama halipo, rudini kliniki pamoja wakampime.