Kabla hujamnunua tembo wa Tabora, mpime kwanza

Kuna jambo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, leo acha niliseme. Kila baada ya miezi kadhaa utasikia mtu ana "sarafu ya Mjerumani" yenye thamani ya mamilioni. Sisi waandishi, badala ya kuuliza maswali, tunapiga picha, tunaandika alichosema mwenye mali, basi. Mamilioni hayo yanapanda hadi kwenye kichwa cha habari. Matokeo yake nimeyaona nyumbani kwetu.

Baba mdogo aliuziwa moja kwa laki nane, fedha ya korosho ya msimu mzima. Muuzaji alimwonyesha kipande cha gazeti, kisha akatoa sumaku: "Unaona mzee, hainasi. Hiyo dhahabu." Sonara alipoiweka kwenye mizani ikasoma gramu 4. Baba mdogo hakusema neno, akaifunga kwenye leso akarudi kijijini.

Sarafu yenyewe ipo kweli, na historia yake ni tamu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizuia meli zisifike pwani yetu, na Wajerumani wakaishiwa sarafu. Mwaka 1916 wakazitengeneza wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ilikuwa ya rupia 15: upande mmoja tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kijerumani. Zilitoka 16,000 na ushee tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Ndiyo maana wakusanyaji wa sarafu wanaigombania, na ndiyo maana inaghushiwa sana.

Sasa tuje kwenye kuikagua. Sumaku haithibitishi kitu. Brasi nayo hainasi! Sumaku inamkamata tapeli mvivu aliyetumia chuma, basi.

Anza na mizani ya sonara. Tembo halisi ana gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni asilimia 75. Brasi ya ukubwa uleule haifiki hapo, itaishia kwenye gramu 4. Kama tapeli ameiongeza unene ili uzito ulingane, tumia maji. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Mizani ya halisi itaongezeka karibu nusu gramu. Gawanya uzito wa sarafu kwa ongezeko hilo. Ukipata 15 hivi, una sababu ya kuendelea. Ukipata 8 au 9, rudisha mali ya watu.

Halafu chukua lenzi. Sarafu halisi hugongwa kwa muhuri, kwa hiyo herufi zina kingo kali. Ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina vitundu vidogo vya hewa, herufi zilizolegea, na pengine mstari ukingoni ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Ukionyeshwa mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, kimbia. Mikwaruzo haizai mapacha.

Hata hivyo tusidanganyane. Wapo wanaoghushi kwa dhahabu yenyewe na kwa muhuri mzuri. Hiyo itapita kwenye mizani na kwenye maji, na atakayeijua ni mtaalamu mwenye sarafu halisi ya kulinganisha. Ndiyo maana natamani makumbusho zetu zitenge hata siku moja kwa mwezi, mwananchi alete alichonacho kikaguliwe bure, bila kuogopa kuulizwa alikitoa wapi kana kwamba ni mwizi.

Na sisi wenye kalamu? Ukiletewa habari ya sarafu ya mamilioni, uliza uzito. Ni swali moja tu. Kama hakuna mizani, hakuna habari. Kile kipande cha gazeti alichoonyeshwa baba mdogo hakikuandikwa na tapeli. Kiliandikwa na mwenzetu, na pengine kesho kitakuwa changu.

Naomba kuwasilisha.