Njia mbili zisizokutana
Mwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko anayetafuta ruta ya njia mbili za intaneti asianze na bei wala kasi. Aulize kwanza kila njia inapita wapi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitupiga, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Laini mbili za kampuni tofauti zinazotegemea mnara mmoja ni njia moja yenye vifurushi viwili, na inaniuma kuona mfanyabiashara mdogo akiuziwa hivyo. Faiba ikifika mlangoni kwako, iunganishe pamoja na laini ya simu. Ruta nayo ihakikishe data inafika nje kweli, isiridhike na taa kuwaka, kisha ihamie njia ya pili bila kuguswa. Inunulie na betri, maana umeme hukatika mara nyingi kuliko mkongo. Kabla hujalipa, mwambie fundi achomoe waya wa njia ya kwanza mbele yako. Mtandao usiporudi wenyewe, usiichukue ruta hiyo.