Barua ya Bwana Shamba: Debe la Shule Lipimwe Kwanza



Mvua zinaondoka. Hapa kwetu Njombe baridi imeanza kubisha hodi. Ikifika Juni na Julai, siku nyingine tutaona sakitu juu ya majani alfajiri. Maharage yameng'olewa. Mahindi yanakauka shambani. Huu ni wakati wa kuhesabu tulichopata.

Mwezi huu siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Naandika juu ya watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili. Nitaeleza wanafanya nini shuleni msimu huu, na sisi wazazi tunatakiwa kufanya nini.

Shule na jembe

Wazee wetu wanakumbuka shule za kati, zilizoitwa "middle school". Katika miaka ya 1950 mtoto alisoma huko kuanzia darasa la tano hadi la nane. Shule hizo zilikuwa na mashamba, na nyingine zilikuwa na mifugo. Mtoto alisoma, alilima, na alikula alicholima.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule iwe na shamba, na shamba liwe sehemu ya masomo. Leo shule za kati hazipo tena. Lakini mtoto wa umri ule bado yupo. Ndiye huyu wa kidato cha kwanza na cha pili. Umri wake ni miaka 14 au 15. Anakua haraka kama mhindi uliopata mvua na mbolea. Na kama mhindi, akikosa chakula wakati huu, hudhoofika.

Kazi za msimu huu shuleni

Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni shule zina kazi nyingi. Wanafunzi hufanya mitihani ya nusu mwaka. Wengine hujiandaa kwa michezo ya UMISSETA. Shule zenye mashamba huanika na kupiga maharage, na hujiandaa kuvuna mahindi. Zenye vitalu huandaa udongo wa kusia mbegu za misindano, ili miche iwe tayari mvua zikirudi. Zenye misitu husafisha barabara za moto, maana kiangazi ndicho hicho kinakuja. Moto mmoja wa Septemba unaweza kula kazi ya miaka 10.

Mapema Juni shule hufungwa. Julai hufunguliwa tena. Mtoto wa kidato cha pili akirudi Julai, ana miezi michache tu kabla ya upimaji wa taifa wa mwisho wa mwaka. Hii ndiyo miezi ya baridi kali. Na ndiyo miezi ambayo chakula cha shule huamua nani atabaki darasani.

Tazama mwenyewe. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri, baridi inauma. Anatembea kilometa 4 au 5. Anarudi jioni. Kama hakuna chakula shuleni, amekaa mchana mzima na kikombe cha chai cha asubuhi. Wengine hawakunywa hata chai. Mtoto wa namna hii husinzia. Baadaye huchelewa. Kisha huanza kukosa shule siku moja, siku mbili. Halafu unasikia yuko porini anabeba mbao, au shambani kwa mtu anachimba viazi kwa ujira. Akishaonja hela ile, kumrudisha darasani ni kazi.

Elimu bila ada siyo elimu bila mzazi

Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Ni jambo jema. Lakini baadhi yetu tulielewa vibaya. Tulisema, "Shule ni ya serikali, basi kila kitu kitatoka serikalini."

Sivyo. Katika shule za kutwa, chakula cha mchana hutegemea sana sisi wazazi. Tunakaa kikao, tunakubaliana kiasi, tunachanga. Na tukichanga, tunayo haki ya kuuliza: zimeingia debe ngapi, zimepikwa ngapi, zimebaki ngapi? Kamati ya chakula isomwe hesabu mbele ya wazazi. Uwazi huleta mahindi.

Jambo jingine. Mzazi akichelewa kuchanga, mtoto asiadhibiwe wala asirudishwe nyumbani. Deni ni la mzazi. Kamati imfuate mzazi.

Yaliyonikuta mimi

Sasa nikueleze aibu yangu. Binti yangu anasoma kidato cha pili katika shule moja ya kutwa. Mwaka jana mwezi Juni nilivuna mapema. Mnunuzi alikuja na lori, nami nilitaka fedha za bati. Mahindi makavu, meupe, nikayauza. Yaliyobaki yalikuwa hayajakauka vizuri. Nikayapukuchua, nikayatia katika gunia, nikaliweka sakafuni na kuliegemeza ukutani.

Julai shule ilipofunguliwa, binti akanikumbusha debe la shule. Nikachota katika gunia lile bila kutazama sana. Nikambebesha.

Jioni alirudi na debe lile lile kichwani. Hakusema neno. Aliliweka mlangoni, akaingia ndani. Nilipomimina mahindi juu ya turubai nikaona yameshikana mabonge. Yalikuwa ya moto kidogo. Yalinuka. Mengine yalikuwa na kuvu ya kijani.

Kesho yake nilikwenda shuleni mwenyewe. Mama anayetunza stoo alinipokea kwa heshima, kisha akaniuliza, "Bwana shamba, mahindi yale ungekula wewe?" Sikuwa na jibu. Mimi ndiye ninayewafundisha watu kukausha mahindi. Na binti yangu alikuwa amebeba uvivu wangu mbele ya wenzake wote.

Yule mama aliniambia kwamba sikuwa peke yangu. Wengi huuza mazuri, hula ya wastani, na shuleni hupeleka mabaya. Tangu siku ile nina sheria moja nyumbani kwangu: debe la shule hupimwa kwanza. Hupimwa siku ya kupukuchua, kabla ya mnunuzi, na kabla ya ghala langu.

Tufanye hesabu pamoja

Chukua kalamu. Mwaka wa shule una siku za masomo 194. Nusu yake ni siku 97.

Tuseme mtoto mmoja anakula gramu 180 za mahindi kwa siku. Kwa siku 97 ni kilo 17 na nusu. Hilo ni debe moja.

Tuseme anakula gramu 60 za maharage kwa siku. Kwa siku 97 ni kilo 6 hivi.

Basi kwa mwaka mzima mtoto mmoja anahitaji debe 2 za mahindi na kilo 12 hivi za maharage. Kila shule ina kiasi chake ilichokubaliana, lakini hesabu hii inakupa mwanga. Je, wewe uliyevuna magunia 10 huwezi kutoa debe 2? Gunia moja la kilo 100 lina zaidi ya debe 5.

Tena fikiri juu ya lumbesa. Gunia halali la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mnunuzi akikushonea kofia juu ya gunia, unampa kilo nyingi bure. Gunia moja la lumbesa linaweza kuchukua debe zima la mwanao. Unalia kwamba shule inakuomba debe, lakini mwenye lori unamzawadia huku unacheka. Dai mzani.

Jinsi ya kuandaa debe la shule

1. Chagua magunzi shambani. Yaliyooza, yaliyotobolewa na yenye kuvu yaweke mbali. Usiyachanganye na mazuri.

2. Anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Tandaza mahindi yaliyopukuchuliwa yawe membamba. Yageuze mara nyingi. Jioni yafunike, maana umande wa Njombe ni kama mvua.

3. Pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia vijiko 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Anika tena. Isipoganda, yanafaa kuwekwa.

4. Weka gunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Sakafu na ukuta hutoa unyevu. Mimi nililijua hilo kwa kalamu, sasa nalijua kwa aibu.

5. Pima debe la shule, lifunge, liandike jina la mtoto. Lisiguswe.

Kuhusu mahindi yenye kuvu, sikiliza vizuri. Kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupika, wala kwa kutengeneza togwa au pombe. Ng'ombe wa maziwa akiila, huweza kuitoa katika maziwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sababu ya sumukuvu, na wengine walikufa. Kwa hiyo mahindi ya kuvu siyo mchango. Yafukie.

Mnaoishi Makambako

Kutoka mji wa Njombe hadi Makambako ni kilometa 60 hivi, lakini maisha ni tofauti. Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea huungana hapo na barabara kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA hupita hapo. Wazazi wengi ni wafanyabiashara, madereva na vibarua. Hawana shamba.

Kwenu ninyi, debe ni fedha. Lakini angalieni wakati. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno, Julai na Agosti. Januari hadi Machi hupanda bei. Mzazi anayesubiri Januari hununua debe lile lile kwa fedha nyingi zaidi. Afadhali kamati ikusanye michango mapema, inunue kwa pamoja, na ihifadhi vizuri.

Na mtazame kijana wako saa za mchana. Asiyekula shuleni hutoka kutafuta mhogo wa kukaanga sokoni. Huko hukuta malori na magunia. Hubeba gunia moja, hupata hela, na kesho harudi darasani.

Mahindi peke yake hayatoshi

Mkoa wetu una chakula kingi. Hata hivyo utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Njombe, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 50 hivi wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30. Tuna ghala limejaa na mtoto amedumaa! Sababu mojawapo ni kula kitu kile kile kila siku. Ugali asubuhi, ugali mchana, ugali jioni.

Binti wa kidato cha pili leo ni mama wa kesho. Tumlishe vizuri sasa. Kwenye sufuria ya shule yawemo maharage na mboga za majani. Shule iwe na bustani. Mwenye parachichi zilizoanguka kwa upepo, ambazo mnunuzi hazitaki, na ambazo hazijaoza, azipeleke shuleni. Ni chakula kizuri.

Asiye na mahindi

Wapo wajane, wazee wanaolea wajukuu, na wagonjwa. Hawa tusiwadai kama tunavyowadai wenye nguvu. Mwingine ataleta kuni. Mwingine atafanya kazi siku mbili katika shamba la shule. Mwingine hawezi lolote, na mtoto wake ale sawa na wengine. Sahani ya mtoto isionyeshe umaskini wa nyumbani kwao.

Mwaka huu binti yangu amenisaidia kuanika maharage. Tulipomaliza kuyapepeta alileta kopo, akapima kilo 6, akafunga mfuko na kuandika jina lake. Kisha akaniambia, "Baba, mahindi yakikauka, niite nipime mimi." Nimekubali. Yeye ndiye atakayelibeba.

Nawe, ndugu msomaji, utapima lini?

Ya kujadili katika kikao cha wazazi

1. Je, shule yetu ina chakula cha kufika mwezi Novemba?
2. Nani anatunza stoo, na hesabu husomwa lini?
3. Mtoto gani hajaonekana shuleni mwezi huu, na nani atakwenda kwao?

Tuonane mwezi ujao. Kazi njema ya mavuno.

Wenu, Bwana Shamba