Usiweke Msumari Mahali pa Fyuzi

Umeme umefika katika vijiji vingi vya Dodoma. Fyuzi ikiungua, wengine huweka msumari ili mashine ya kusaga isisimame. Nimeuona msumari huo kwa macho yangu. Nasema ni kosa kubwa.

Ndani ya fyuzi mna waya mwembamba. Umeme ukizidi, waya huo huyeyuka na umeme hukatika. Msumari hauyeyuki. Nyaya za nyumba ndizo hupata moto, na nyumba huungua.

Mwaka 1924, huko Ujerumani, Hugo Stotz na mwenzake Heinrich Schachtner walibuni swichi inayojizima yenyewe. Mafundi huiita sakiti breka. Ikijizima, unaiwasha tena bila kununua kitu. Lakini ikijizima mara ya pili, usiilazimishe. Mwite fundi. Debe lako la mtama litangoja.